Shekhar Mehta: Mkimbizi aliyegeuka mfalme wa Safari Rally

Na Mwandishi Wetu, Kisarawe

UKIPITA kijiwe chochote cha bodaboda hapa Kisarawe wikiendi yenye mbio za pikipiki kwenye runinga, utakuta ubishi mmoja tu. Anayeshinda ni dereva au ni chombo? Upande mmoja utakwambia mpe mtu yeyote pikipiki ile ya mbele, naye atashinda. Upande wa pili utakwambia mpe yule bingwa Boxer iliyochoka, uone kama hatawaacha wote kabla ya Minaki.

Ubishi huo unafanana kabisa na wetu wa soka. Simba ilipobeba ubingwa wa Ligi Kuu mara 4 mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, kuna waliosema ni kocha, wengine wakasema ni kikosi, wengine wakasema ni pesa. Yanga nao walipochukua zamu yao na kubeba 4 kuanzia msimu wa 2021/22, maneno yalikuwa yale yale, yamebadilishwa jezi tu.

Sasa basi, kwenye michezo ya injini Afrika Mashariki imewahi kuwa na mtu mmoja ambaye maisha yake yote ni jibu la ubishi huo. Naye alibeba 4 mfululizo. Ukijumlisha na moja ya nyuma, zinakuwa 5. Aliendesha magari, siyo pikipiki, lakini swali ni lile lile. Jina lake ni Shekhar Mehta.

Vijana wengi wa leo hawamjui. Wazee waliokuwa wanakaa na redio sikukuu ya Pasaka wanamjua vizuri sana.

Mtoto wa mashambani

Mehta alizaliwa Juni 20, 1945 nchini Uganda, kwenye familia yenye asili ya India iliyokuwa na mashamba makubwa. Kwa hiyo tuseme ukweli mapema, hakutoka kwenye njaa. Mchezo wa magari ni ghali, na kijana asiye na kitu asingeweza hata kuugusa.

Lakini pesa haikuwahi kumvusha mtu kwenye tope peke yake. Mehta alianza mashindano akiwa na miaka 21, kwenye usukani wa BMW. Wakati huo mashindano makubwa kuliko yote ukanda huu yalikuwa Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwanzoni yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo yalikuwa mali ya watu wa nchi zote tatu. Baadaye, katikati ya miaka ya 1970, yakabaki ya Kenya peke yake.

Kwa shabiki wa mpira ambaye hajawahi kuyafuatilia, ngoja tuyaeleze kidogo. Magari hayakuwa yanaondoka pamoja kama kwenye uwanja wa mbio. Yaliondoka moja moja, yakipishana kwa dakika kadhaa. Njiani kulikuwa na vituo vya ukaguzi, na kila gari lilipangiwa muda wa kufika kila kituo. Ukichelewa, dakika zako zinageuka kuwa adhabu. Mwisho wa safari, mwenye adhabu chache ndiye bingwa.

Kingine ni kwamba barabara hazikufungwa. Dereva akiwa kwenye mwendo wa kutisha anaweza kukutana na basi la abiria, lori la mizigo, ng'ombe au twiga. Umbali wake ulifika kilomita 5,000 hivi, mchana na usiku, kwa siku chache tu. Na kwa kuwa ilikuwa Pasaka, masika yalikuwa yameshapiga hodi. Vumbi la asubuhi linageuka tope jioni.

Ugumu wake ulikuwa hivi: mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Yaani umeanza na msafara mzima wa magari, unamaliza na yanayoweza kuegeshwa kwenye uwanja mmoja wa nyumba.

Ndiyo maana kwa miaka mingi Wazungu walikuja na magari yao ya kiwandani wakaondoka mikono mitupu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya aliwafunga wote akiwa na Volvo. Hadi inafika 1971, hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa ameshinda. Mwiko huo ulivunjwa na Mfini Hannu Mikkola mwaka 1972, akiwa na Ford Escort.

Mehta alikuwa ameshaanza kunusa ushindi. Mwaka 1971, akiwa na miaka 25, alimaliza wa pili na Datsun 240Z. Aliyemshinda, Edgar Herrmann, alikuwa na Datsun 240Z vilevile. Chombo kimoja, madereva wawili, nafasi mbili. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

Siku 90 za Amin

Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa pale, waliozika wazazi wao pale, waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa walioondoka. Shekhar akahamia Kenya.

Mashabiki wa soka tunalijua neno uhamisho. Kwetu ni habari ya ada ya usajili, picha na jezi mpya, na mashabiki uwanja wa ndege. Uhamisho wa Mehta haukuwa huo. Alikuwa mtu wa miaka 27 aliyeambiwa kwamba nchi aliyozaliwa haimtaki, na kwamba alichorithi si chake tena.

Kutoka Agosti ile hadi Pasaka iliyofuata ilikuwa miezi minane tu. Hapo ndipo watu wengi wangekunja jamvi. Mehta akaingia kwenye Datsun 240Z.

Pasaka ya 1973

Mwaka 1973 ulikuwa wa kwanza kwa ubingwa wa dunia wa mbio hizi, na Safari iliwekwa kwenye kalenda. Kwa lugha ya mpira, ni kama mashindano ya ukanda yamepandishwa siku moja na kuwa hatua ya Kombe la Dunia. Timu za viwanda zilikuja na nguvu zote.

Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, walikuwa na 240Z yenye injini ya silinda sita. Ndani ya kambi hiyo hiyo ya Datsun alikuwapo Mswidi Harry Källström na Datsun 1800 SSS, gari dogo zaidi lenye silinda nne.

Walikimbizana siku zote zile. Walipofika mwisho, hesabu zikapigwa, zikarudiwa, zikapigwa tena. Wamelingana! Baada ya maelfu ya kilomita za mawe na tope, adhabu za Mehta na za Källström zilikuwa sawasawa. Ikabidi ifunguliwe sheria ya kutenganisha sare, kama sisi tunavyokwenda kwenye tofauti ya mabao, na sheria ikampa Mehta. Wa tatu alikuwa Mswidi mwingine, Ove Andersson, na Peugeot 504.

Mkimbizi wa miezi minane akawa bingwa wa mashindano magumu kuliko yote duniani.

Anayetaka kusema chombo ndiyo kila kitu aangalie sare hiyo vizuri. Magari yalikuwa mawili tofauti, moja lina injini kubwa na jingine ndogo, lakini yamefika na adhabu sawa. Kilichosawazisha mambo ni mikono na vichwa vilivyokuwa ndani. Lakini anayesema dereva ndiyo kila kitu naye asishangilie mapema. Magari yote mawili yalitoka kiwanda kimoja, kiwanda kilichokuwa kimejifunza barabara za Afrika kwa miaka na kujua wapi chuma kinavunjika.

Miaka sita ya ukame

Baada ya hapo Mehta hakushinda Safari kwa miaka sita. Mwaka 1974 Joginder Singh alitwaa taji na Mitsubishi Lancer, gari dogo ambalo wengi walilidharau, huku Björn Waldegård akimaliza nyuma yake na Porsche. Mwaka 1975 zamu ya Ove Andersson na Peugeot. Mwaka 1976 Joginder tena, Lancer tena. Mwaka 1977 Waldegård na Ford. Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot.

Ukisoma orodha hiyo haraka utadhani Mehta alikuwa ameisha. Straika aliyefunga bao moja la fainali halafu akapotea, tunao wengi. Watu huanza kusema alibahatisha, hasa kama bao lenyewe lilipatikana kwa sare iliyoamuliwa mezani.

Mnne mfululizo

Mwaka 1979 Mehta alikuja na Datsun 160J, na msoma ramani Mike Doughty. Kwa macho, lilikuwa gari la kawaida, la aina ambayo mwalimu au karani angeweza kulitamani kwa ajili ya familia yake. Upande wa pili Mercedes walileta 450 SLC yenye injini ya lita 5, silinda nane, na usukani wake akapewa Hannu Mikkola, yule yule aliyevunja mwiko mwaka 1972.

Hapo ukitaka mfano wa kijiweni, ni mtu amekuja na pikipiki kubwa la kizungu, mwenzake yuko kwenye TVS iliyofungwa vizuri. Kwenye lami iliyonyooka hakuna mashindano. Lakini Safari haikuwa lami iliyonyooka. Uzito wa gari kubwa ni faida kwenye mteremko na ni msiba kwenye tope. Nguvu ya injini inakimbiza, ila inamaliza matairi na kutesa vyuma. Mehta akashinda, Mikkola wa pili.

Mwaka 1980 akatetea taji. Mwaka 1981 akatetea tena, safari hii na Datsun Violet. Mwaka 1982 akamaliza kazi kwa kumwacha nyuma Mjerumani Walter Röhrl na Opel yake. Röhrl huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huo huo. Yaani bingwa wa dunia alikuja Afrika Mashariki akaambiwa subiri kidogo, hapa kuna mwenyeji.

Katika miaka yote minne aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa Doughty. Mashabiki humsahau msoma ramani kama wanavyomsahau kiungo mkabaji, lakini usiku wa giza, kwenye kona ambayo dereva haioni, sauti yake ndiyo macho.

Sasa turudi kwenye lile swali tuliloliacha, chombo kimoja na madereva wawili. Ndani ya timu ya Datsun alikuwapo Rauno Aaltonen wa Finland. Huyu si mtu wa kubeza, alishinda Monte Carlo mwaka 1967 akiwa na Mini. Mwaka 1979 alimaliza wa tatu. Mwaka 1980 wa pili. Mwaka 1981 wa pili. Gari aina ile ile, mafundi wale wale, matairi yale yale, barabara zile zile. Mbele yake kila mara alikuwa Mehta. Aaltonen alistaafu bila kuwahi kushinda Safari.

Hapo hakuna pa kusingizia injini. Ukiwapa watu wawili chombo kimoja, na mmoja akashinda mara 3 mfululizo, basi tofauti iko kwa mtu.

Tofauti yenyewe ni nini?

Siyo mguu mzito. Kila aliyekuja Safari alikuwa na mguu mzito, wengi wao ndio waliobaki mtaroni na rejeta imepasuka. Siri ya mashindano yale ilikuwa kujua lini usikanyage. Gari lililovunjika shokapu kituo cha tatu halishindi hata kama lilikuwa la kwanza kituo cha pili.

Mwenyeji alijua rangi ya udongo inavyosema. Alijua tope lipi lina chini ngumu na lipi linameza ekseli. Alijua daraja lisiloonekana kwa maji lipo au limekwenda. Hayo hayauzwi kwenye duka la vipuri. Yanatokana na miaka ya kupita, kukwama, kusukumwa na wanakijiji, na kupita tena.

Bodaboda wa Kisarawe anayepeleka abiria Maneromango wakati wa masika analielewa hilo kuliko mchambuzi yeyote wa studio. Mgeni mwenye pikipiki mpya anaanguka pale pale ambapo mwenyeji mwenye pikipiki kuukuu anashusha gia, anatoa mguu mmoja nje, anapita taratibu. Jioni mwenyeji ana hesabu ya bosi mfukoni, mgeni yuko kwa fundi.

Kwenye pikipiki zenyewe mfano upo. Mwingereza Mike Hailwood, mwaka 1967, alikuwa na Honda ya 500 yenye nguvu za ajabu lakini isiyotulia kwenye kona. Bado alilingana pointi na Giacomo Agostini wa Italia, wakalingana hadi idadi ya ushindi, na taji likaenda kwa Agostini kwa kuwa alikuwa na nafasi nyingi zaidi za pili. Miaka 11 baadaye, mwaka 1978, akiwa na miaka 38, Hailwood alirudi Kisiwa cha Man na Ducati na kushinda tena. Mtu ni mtu.

Lakini chombo nacho kikagoma

Haitakuwa haki kuishia hapo, maana maisha ya Mehta yana upande wa pili. Baada ya 1982 hakushinda tena Safari. Mwaka 1983 akaja Ari Vatanen na Opel. Kuanzia 1984 Toyota wakashika mashindano kwa injini za turbo, Waldegård akashinda mwaka huo, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Nissan ya Mehta ilikuwa imeachwa na wakati.

Alikuwa dereva yule yule, mwenye ujuzi mwingi zaidi kuliko alipokuwa kijana, na mvua za Pasaka hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wenzake sasa walikuwa na nguvu ambayo busara peke yake haikuweza kuifidia. Ukimpa kocha bora duniani timu isiyo na straika, atakupa sare nyingi nzuri.

Kwa hiyo jibu la Mehta kwa kijiwe ni hili: chombo kinakuingiza kwenye mashindano, dereva anakutoa na kombe. Chombo kikiwa nyuma sana, hata mfalme anamaliza wa tano. Vyombo vikikaribiana, tafuta aliyetulia.

Ajali ya Misri

Mehta hakuwa wa nyumbani tu. Mwaka 1981 alimaliza msimu wa ubingwa wa dunia akiwa nafasi ya tano kwa madereva, jambo kubwa kwa mtu wa huku. Mke wake, Yvonne, naye alikuwa mtu wa mchezo huo huo, na kuna mashindano walikaa gari moja, yeye akisoma ramani. Wanandoa wanaoweza kugombana kuhusu njia na bado wakafika, hao wameiva.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye mbio za jangwani za Mafarao nchini Misri. Aliumia sana, na safari yake kama dereva ikaishia pale. Mtu aliyepita masika yote ya Afrika Mashariki alisimamishwa na mchanga mkavu.

Hakuondoka kwenye mchezo. Aliingia upande wa uongozi, akafika hadi kuongoza kamisheni ya mbio hizi ndani ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Kijana aliyefukuzwa kwao akawa anakaa meza kuu, akisimamia sheria ambazo madereva wa dunia nzima walipaswa kuzifuata. Lakini Safari yenyewe ilitoka kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, na haikurudi hadi 2021, huko Naivasha.

Mehta hakuiona siku hiyo. Alifariki London, Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka, sikukuu ambayo kwa miaka mingi watu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliketi na redio wakisubiri kusikia gari la kwanza limefika kituo gani, na mara tano aliyekuwa mbele siku ya mwisho alikuwa yeye.